Kitafunwa cha mbwa: Kipande kidogo chenye kazi kubwa Pemba

Na Mwandishi Wetu, Wete

MBWA wa Jadida, kama walivyo mbwa wengi wa kisiwa cha Pemba, hawafugwi kwa ajili ya kuchezewa sebuleni. Kazi yao ni kulinda nyumba, kufukuza tumbili mashambani na kuwafuata wasasi porini. Chakula chao ni kile kilichobaki jikoni, na pale jikoni pasipobaki kitu hujitafutia wenyewe majaani. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba wapo watu wanaowapikia mbwa wao biskuti, huenda akacheka na kuuliza iwapo watoto wa mtaani wamekwisha kushiba.

Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake linawahusu watoto hao hao. Mbwa anayekuja anapoitwa, kwa kuwa amezoea kupewa kitu kidogo kila ajapo, ndiye mbwa anayeshikika siku ya chanjo. Na mbwa waliochanjwa ndio kinga ya mtoto anayetoka alfajiri kwenda chuoni au skuli.

Makala haya yanaeleza kwa nini kitafunwa cha mbwa kina maana katika kisiwa kama Pemba, namna ya kukiandaa kwa vitu vinavyopatikana sokoni Wete, na vitu ambavyo havifai kabisa kutiwa humo.

Kisiwa kilichoonja madhara

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishadhihirika kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likikadiria kuwa unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba takribani asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Katika visa 99 kati ya kila 100, virusi humfikia binadamu kupitia kwa mbwa.

Pemba ina historia yake katika jambo hili, na historia hiyo imechunguzwa kwa undani kuliko ya sehemu nyingi za Afrika. Watafiti waliofuatilia kila kisa walichoweza kukipata kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, na kuzisoma chembe za urithi za virusi, walichapisha matokeo yao mwaka 2023. Waligundua kuwa kuanzia mwaka 2010 minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kila mwaka, kisiwa kizima, ilipoanza na kisha kuboreshwa, mbwa wenye kichaa walipungua, walioumwa nao walipungua, na vifo vilipungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Baada ya hapo chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kisiwani, si mara moja bali mara mbili, na mlipuko mpya ukazuka. Ulizimwa Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurejeshwa.

Fundisho la miaka hiyo ni wazi. Dawa anayochomwa mtu aliyeumwa humwokoa yeye, lakini haiuzuii ugonjwa kuendelea kutoka kwa mbwa mmoja hadi mwingine. Kinachoukata mnyororo ni chanjo ya mbwa wenyewe. Watafiti hao walikadiria kuwa kukihifadhi kisiwa bila ugonjwa huo huziepusha familia zaidi ya 30 za Pemba, kila mwaka, na msiba wa kuumwa na mbwa mwenye kichaa.

Kitafunwa kinaingiaje?

Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba chanjo iwafikie angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Shida ni kwamba mbwa hawaji kupanga foleni. Siku ya chanjo inapotangazwa, mwenye mbwa hutakiwa kumleta mnyama wake kituoni akiwa amefungwa kamba. Mbwa ambaye hajawahi kuvaa kamba, ambaye anamjua bwana wake kwa sauti ya kufukuzwa tu, hukimbia. Anayeshindwa kumkamata hurudi nyumbani, na mbwa wake hubaki nje ya hesabu ya wale 70 kati ya 100.

Hapo ndipo kipande kidogo cha chakula kinapofanya kazi. Mbwa hujifunza kwa kuunganisha tendo na matokeo yake. Akiitwa jina lake, akaja, na papo hapo akapata kitu kitamu, kesho atakuja upesi zaidi. Neno muhimu ni papo hapo: kitafunwa kikichelewa hata kwa muda wa kuhesabu hadi tano, mbwa hajui tena analipwa kwa lipi.

Mafunzo yenyewe hayana fumbo. Wiki ya kwanza mbwa afundishwe kuja kwa jina lake. Wiki ya pili azoeshwe kuvaa kamba shingoni kwa dakika chache, huku akipewa kipande kwa kila utulivu. Wiki ya tatu aguswe kwa kijiti au kwa mkono penye shingo, mabegani na kwenye paja, mahali ambapo sindano huweza kuchomwa. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Baada ya mwezi mmoja, mbwa aliyekuwa akikimbilia vichakani anaweza kusimama akachomwa sindano bila kumdhuru mtu.

Fikra ya kupambana na kichaa cha mbwa kwa kutumia chakula si ngeni. Mwaka 1978, nchini Uswisi, chanjo ilitiwa ndani ya vichwa vya kuku vikatawanywa porini ili vitafunwe na mbweha. Njia hiyo ilienea Ulaya Magharibi na hatimaye ikawaondolea mbweha wa huko ugonjwa huo. Nchini Haiti watafiti walijaribu kuwapa mbwa wa mitaani chanjo iliyofichwa ndani ya utumbo wa ng'ombe uliochemshwa. Chambo cha nyumbani hakina chanjo ndani yake, lakini humleta mbwa mahali ilipo.

Suala la najisi

Hatuwezi kuzungumzia mbwa Pemba tukalikwepa suala la dini. Waislamu wengi wa visiwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wengi huchelea kuwa kufuga mbwa, seuze kumpikia, kutawaharibia tohara ya nyumba zao.

Hata hivyo, mafundisho hayo hayo yamemwacha mbwa wa kazi. Kurani, katika Surat al-Maida, aya ya 4, inaruhusu kula windo lililoletwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na katika Surat al-Kahf imemtaja mbwa aliyekaa kizingitini na vijana wa pangoni. Hadithi za Mtume zimewatoa katika katazo mbwa wa kuwindia, wa kuchungia mifugo na wa kulindia shamba. Na ipo hadithi mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu.

Kwa upande wa matendo, tatizo ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Unga, dagaa na viazi havinajisiki kwa kukusudiwa mbwa. Sufuria hunajisika kwa ulimi wake, si kwa nia ya mpishi. Kwa hiyo kitafunwa kinaweza kuokwa katika vyombo vya kawaida, mradi mbwa asivifikie. Wakati wa kumpa, kipande kitupwe chini mbele yake au kiwekwe katika kifuu kilichotengwa. Anayetaka kumfundisha kwa karibu anaweza kutumia upawa wa zamani: kipande hukaa ndani ya kifuu chake, mkono hubaki mwisho wa mpini, na mate hayamgusi mtu. Upawa huo uandikwe alama na usirudi jikoni.

Biskuti za dagaa

Biskuti ya mbwa ya kiwandani ilianza London mnamo mwaka 1860, pale Mmarekani James Spratt alipoanza kutengeneza mikate migumu ya unga, mboga na nyama kwa ajili ya mbwa. Mfano wake ulikuwa biskuti kavu za mabaharia, ambazo hazikuoza safarini kwa sababu hazikuwa na maji ndani yake. Kanuni hiyo bado ndiyo msingi: kitafunwa chema ni kile kilichokauka barabara.

Mahitaji ni haya: vikombe 2 vya unga wa ngano usiokobolewa, kikombe 1 cha sembe, kikombe 1 cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, kikombe 1 cha dagaa wakavu waliotwangwa, na yai 1. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna kiungo chochote.

Dagaa ndio wanaohitaji uangalifu. Dagaa wengi wanaoanikwa Zanzibar huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi. Kwa hiyo waoshwe, waroweshwe kwa saa moja, maji yamwagwe, kisha waroweshwe tena kwa maji mapya. Baada ya hapo wachemshwe kwa dakika 10, wachujwe, waanikwe hadi wakauke, ndipo watwangwe katika kinu. Dagaa wenye mchanga au wenye harufu ya kuvunda wasitumike.

Changanya unga wote na dagaa, tia viazi na yai, kisha ukande. Ukiona donge ni kavu mno, ongeza maji kidogo kidogo. Likishikamana bila kunata mkononi, limekuwa tayari. Lisukume kama chapati, unene wa nusu sentimita, ulikate vipande vidogo vya mraba, kila upande sentimita 2. Vya mafunzo viwe vidogo zaidi, kadiri ya punje ya mhindi, kwani mbwa huhesabu mara anazopewa kuliko ukubwa wa anachopewa.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi joto 180 kwa dakika 30 hadi 35, azime, kisha aziache biskuti humo kwa saa moja zaidi zikauke. Asiye na oveni atumie sufuria nzito: atandaze mchanga mkavu ndani, aweke sahani ya bati yenye biskuti juu yake, afunike, atie makaa chini na machache juu ya kifuniko, kama inavyofanywa kwa mikate. Baada ya dakika 45 hivi atazame. Zikivunjika kwa sauti, zimeiva. Zikipindika, zirudishwe motoni.

Asiyetaka kazi ya kukanda anazo njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni viazi vitamu: vimenywe, vichemshwe nusu, vikatwe vipande vyembamba na kukaushwa juu ya chuma cha chapati kwa moto mdogo. Ya pili ni maini ya ng'ombe yaliyochemshwa kwa dakika 40, yakakatwa vipande vidogo na kukaushwa. Maini hupendwa sana na mbwa, lakini yana vitamini A nyingi, hivyo yasitolewe kila siku.

Kwa nini maini yasitolewe mabichi

Siku ya Iddi ya kuchinja, mapafu na maini yenye kasoro mara nyingi hutupwa nje, na mbwa huyakimbilia. Mazoea haya ni ya hatari. Ndani ya viungo hivyo huweza kuwamo vifuko vya maji vya mnyoo mdogo uitwao ekinokokasi. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi na kuingia katika udongo, mboga na maji. Binadamu akiyameza, vifuko hivyo huota katika ini au mapafu yake na huweza kuhitaji upasuaji.

Eneo la Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, limejulikana kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa zaidi duniani na ugonjwa huo, na ukaribu wa watu na mbwa wao ni moja ya sababu zilizotajwa. Kinga yake ni sufuria ya maji yanayochemka. Kiungo chenye vifuko kifukiwe kwa kina au kichomwe. Kilicho kizima kichemshwe vizuri kabla ya kupewa mbwa.

Visivyofaa

Wengi hudhani kuwa makombo ya chakula cha watu ni kitafunwa tosha. Jikoni kwetu ni vigumu kupata makombo salama, kwa sababu karibu kila chungu kimeanza kwa kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Pilau, mchuzi na biriani, kwa hiyo, si zawadi kwake.

Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuzizima figo za mbwa, hata zikiwa chache. Chokoleti na kakao zina kemikali ambayo mwili wake huchelewa kuiondoa na ambayo huushtua moyo. Peremende na ubani wa kutafuna usio na sukari huweza kuwa na xylitol, ambayo huishusha sukari ya damu yake kwa ghafla na kumwangusha. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Donge bichi la mandazi huendelea kuumuka tumboni.

Kisiwa cha viungo kina hatari zake pia. Kungumanga ikizidi humlevya mbwa na kumtia mtetemeko. Mafuta ya karafuu, ambayo watu huyatia kwenye jino linalouma, ni makali mno kwa ini lake. Muhogo mbichi una sumu. Ukitumika, umenywe na kuchemshwa sana, na maji yake yamwagwe.

Adui anayeitwa ukungu

Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na wakati wa masika kitu hakikauki kwa urahisi. Biskuti isiyokauka huota ukungu katika siku chache. Wapo wanaoona kuwa unga ulioota ukungu, kwa kuwa hauwafai watu, basi uwe wa mbwa. Hilo ni kosa. Baadhi ya ukungu wa mahindi na njugu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya waliokula mahindi yaliyoharibika. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, nchini Marekani, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha kiwandani kilichokuwa na sumu hiyo hiyo. Ini la mbwa si jalala.

Biskuti zikishapoa zihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko kinachobana. Zilizokauka vyema hukaa wiki mbili. Zenye ulaini zimalizwe ndani ya siku tatu, tena zikiwa katika friji. Yenye doa la kijani, jeusi au jeupe itupwe.

Kiasi na tahadhari

Vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Mbwa mwenye afya wa kilo 15 huhitaji takribani kilokalori 850 kwa siku, hivyo vitafunwa vyake visipite 85. Biskuti zilizoelezwa hapa zinaweza kuvunjwa vipande vidogo vya mafunzo. Havichukui nafasi ya mlo, wala ya maji safi.

Watoto waelezwe kuwa vitafunwa hivi ni kwa mbwa wa nyumbani tu, tena mbele ya mtu mzima. Mbwa asiyejulikana asikaribiwe kwa chakula. Na mbwa wa nyumbani aliyekuwa akikimbilia kitafunwa chake, akaanza ghafla kukikataa, kushindwa kumeza, kutokwa na udenda au kubadilika tabia, asilazimishwe kula wala kuguswa mdomo. Atengwe, na ofisi ya mifugo ipewe taarifa mara moja, kwani hizo huweza kuwa dalili za kichaa.

Aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Gharama ya haya yote ni vikombe vichache vya unga, dagaa kidogo na dakika 10 kwa siku. Ugonjwa ulirudi Pemba mwaka 2016 wakati chanjo ilipokuwa imelegea, na hakuna bahari iliyouzuia. Mwenye mbwa Jadida anaweza kuanza kumzoesha mnyama wake leo kuja anapoitwa na kusimama akiwa na kamba shingoni. Daktari wa mifugo atakapofika na sindano yake, kazi ngumu itakuwa imekwisha kufanywa.